Kapeti la mkono au la mashine? Ligeuze kwanza

Malalamiko ya wanunuzi wa makapeti yanafanana sana. Kapeti limenunuliwa kwa bei ya "kazi ya mkono", limependeza miaka miwili mitatu, halafu kila likisogezwa sakafu inabaki na unga mweupe kama chaki. Unafagia leo, kesho umerudi. Unga huo hautoki barabarani. Ni kapeti lenyewe linalokufa kuanzia mgongoni.

Ukubwa, rangi na kufanana na makochi sitavigusa, kila mtu ana macho. Kinachowala watu pesa ni gundi.

Maana "la mkono" madukani ni vitu viwili vilivyopewa jina moja. Cha kwanza ni kapeti la mafundo. Mfumaji hutandika mtande, yaani nyuzi za urefu, kwenye kitanda cha mfumi, hufunga kipande cha uzi wa sufu kwenye nyuzi mbili za mtande, hukikata, na akimaliza mstari hupitisha mshindio, yaani uzi wa upana, na kuushindilia kwa kitana kizito. Cha pili ni kapeti la bunduki. Kitambaa huwambwa kwenye fremu, mtu akashika "bunduki", kifaa mfano wa drili kinachodunga nyuzi humo. Hakuna fundo hata moja. Ili nyuzi zisichomoke, mgongoni hupakwa gundi ya utomvu wa mpira iliyochanganywa na unga wa chokaa, kisha hubandikwa kitambaa cha kufunika. Mkono umetumika kweli, lakini ukiondoa gundi huna kapeti.

Joto na hewa hukausha utomvu ule. Ukishakauka hupasuka, chokaa inamwagika, na nyuzi zinaanza kung'oka kwa ufagio. Sebule ya Mombasa, Unguja au Muscat huharakisha mambo. Kulifua kwa maji ni kulimaliza, kwani kitambaa cha nyuma huvimba mapovu na kuachana. Fundi naye hana la kukusaidia, kwa sababu hakuna mtande wa kufungia fundo jipya.

Kulitambua ni kazi ya dakika mbili. Geuza kona. Ukikuta kitambaa kitupu cha pamba na huoni ua la mbele likijitokeza nyuma, hilo ni la bunduki. Likunje kona kwa nguvu karibu na sikio. Gundi iliyozeeka hutoa mlio wa kukatika. Tandika kitambaa cheusi chini, piga mgongo wa kapeti mara kumi kwa kiganja, kisha tazama kilichodondoka. Linuse pia, gundi mbovu ina harufu ya tairi.

Kutofautisha la mafundo na la mashine kunataka jicho zaidi, kwa sababu yote mawili huonyesha ua mgongoni. Shika matamvua. Kwenye la mafundo, matamvua ni ncha za mtande wenyewe, zinatoka ndani ya kapeti. Ya kapeti la mashine mara nyingi yameshonewa juu ya pindo, na ukiyavuta unaona mshono. Mgongo wa mashine umenyooka kama karatasi ya hesabu. Wa mkono una mafundo manene na membamba, na mistari inayoyumba kidogo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo bei inapojieleza. Hesabu mafundo katika sentimita 10 za upana na 10 za urefu. Ukipata 40 kwa 40, mita moja ya mraba ina mafundo 160,000, na kapeti la mita 2 kwa 3 lina 960,000. Mfumaji mzoefu akifunga 8,000 kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 120. Ukishaijua hesabu hiyo, kapeti la "Persian halisi", yaani la Iran, lenye "punguzo la asilimia 70" linakuonyesha muuzaji anavyokuchukulia. Na linaloniudhi zaidi ni la bunduki kuuzwa kwa bei inayokaribia ya mafundo, wakati hutengenezwa kwa siku chache tu.

Kwangu namba moja ni la mafundo kutoka kaskazini ya Afghanistan, hasa yale mekundu ya kuiva yaitwayo Khal Mohammadi. Siwafichi, nayapenda kuliko ya Iran yenye maua madogo madogo, kwa sababu sufu yake ni ngumu, wekundu wake unaficha madoa ya chai, na bei haijapandishwa na jina la mji lilikofumwa. Kaa la chetezo likidondoka, sufu huungua juu juu na kuzima. Plastiki huyeyuka tundu. Adui wake ni nondo. Kila baada ya miezi 6 ligeuze, fagia mgongo, hasa sehemu iliyokaa chini ya kochi.

Namba mbili ni kilimu, lile bapa lisilo na manyoya, yaani nyuzi zinazosimama juu. Halina gundi, linafaa mno sehemu za unyevu, na linaanikika kambani. Hakikisha tu rangi haitoki: sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa.

Namba tatu ni la mashine la polipropilini, nyuzi za plastiki, kama yanayotoka Gaziantep, Uturuki. Mashine hufuma makapeti mawili yanayotazamana, kisu kikapita katikati kuyatenganisha, hivyo manyoya yamebanwa na mshindio, hayakubandikwa. Halidai kuwa kitu kingine. Thamani ya kuuza tena halina.

La bunduki ni la mwisho, chini ya la mashine, hata likiwa la sufu tupu. Lililochanganywa viskosi, wanayoiita hariri ya mianzi, ni baya zaidi: maji safi tu yanaacha doa la njano.

Muuzaji anayekataa usigeuze kapeti, muage. Anayekubali, mwambie aandike kwenye risiti "la mafundo", manyoya ya nini na mtande wa nini. Kwenye lebo za Kiingereza neno unalolitaka ni "hand-knotted". "Hand-tufted" ndilo la bunduki. Akiandika "la mkono" peke yake, mrudishie risiti aandike upya kabla hujalipa.