Bendi ya dansi au matarumbeta kwenye harusi?

Matarumbeta wanapanda nyuma ya pikapu, wanamsindikiza bi harusi kutoka saluni mpaka ukumbini, hawahitaji umeme wala spika, mnapatana bei mnatoa advansi basi. Bendi ni habari nyingine kabisa, magitaa, besi, tumba, drams, waimbaji, madansa, wote hao wanataka usafiri na msosi, na fundi mitambo lazima awahi kupima saundi, sisi umeme ulikatika katikati ya sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, tukabaki na tumba tu, aibu gani! Ila sebene la live hata wazee wanalowa jasho. Kamati ikiwa na hela kiduchu mi nachukua matarumbeta, zikitosha bendi, lakini kawasikilizeni kwanza baa wanakopiga wikiendi, msiamini klipu za simu.