Mafunzo ya wasimamizi kutoka kwa aliyekuwa wakili wa kesi za kazi, Mbeya na Iringa: chukueni ya siku mbili

Ofisi za utumishi za huku Nyanda za Juu Kusini zimeshazoea semina za aina mbili. Ya kwanza ni ya sheria: wasimamizi wanasomewa vifungu mpaka saa ya chakula, nusu wamesinzia. Ya pili ni ya hamasa: watu wanapiga makofi, wanaambiwa "sisi ni familia moja", na Jumatatu nyapara anaanza zamu kwa matusi yale yale. Huduma hii imetafuta njia yake katikati. Anayeiendesha alikuwa wakili wa kesi za kazi, mara upande wa mwajiri, mara upande wa mfanyakazi. Ameacha kusimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na sasa anawafundisha wasimamizi namna ya kukaa na watu kabla mambo hayajafika huko. Anafundisha na mwenzake, mama aliyetokea ustawi wa jamii, na tuseme mapema kwamba huyo mama ndiye anayebeba nusu ya thamani ya mafunzo.

Bei ni Sh 95,000 kwa mtu kwa siku mbili, chai ya saa nne na chakula cha mchana vikiwemo. Ya siku moja ni Sh 60,000. Kundi lisipungue watu 12 wala lisizidi 25. Wakufunzi wakiitwa nje ya Mbeya mjini au Iringa mjini, tuseme Mafinga, Tukuyu au Makambako, mwajiri anaongeza nauli na malazi ya wote wawili.

Asubuhi ya kwanza kila meza inapewa faili la kesi ya kutunga, na faili linasomwa kinyumenyume: kwanza barua ya kuachishwa kazi, halafu muhtasari wa kikao cha nidhamu, halafu barua ya kujieleza, mpaka siku ya ugomvi wenyewe na miezi iliyoitangulia. Hapo ndipo uzoefu wa wakili unapoonekana. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki, vyote viwili. Kwa hiyo hata aliyeiba kweli anaweza kushinda. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mfanyakazi apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, asindikizwe na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mtu ambaye hakuhusika na tukio. Washiriki wanatafuta kwenye faili mahali haya yalipovunjika, na hawachelewi kupata: meneja aliyetukanwa ndiye mwenyekiti, shahidi amesomewa maelezo yake bila kuulizwa swali hata moja, muhtasari umeandikwa wiki mbili baadaye kwa mwandiko wa mtu ambaye hakuwepo.

Zoezi la barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze ndilo lililoiva kuliko yote ya siku hiyo. Kwenye bango kitita inabandikwa barua ambayo kila afisa utumishi ameshaiona: "Kutokana na utovu wako wa nidhamu uliokithiri na tabia yako ya kudharau uongozi, unatakiwa ueleze ndani ya saa 24 kwa nini usifukuzwe kazi." Mshiriki anapewa kalamu rashasha nyekundu akate kila neno ambalo ni hukumu. Yanabaki maneno machache: "unatakiwa ueleze ndani ya saa 24". Kueleza nini, haijulikani. Hakuna tarehe, hakuna tukio, na adhabu imeshatajwa. Kisha inaandikwa upya: "Jumanne, Machi 4, saa 4:20 asubuhi, msumeno namba 2 uliachwa unazunguka bila mtu. Wewe ndiye uliyepangiwa hapo. Tueleze kwa maandishi kilichotokea, ifikapo Ijumaa saa 9 alasiri." Barua ya pili ni fupi, haina tusi, na inamwacha mtu ajibu. Mara nyingi jibu linafichua tatizo la ofisi yenyewe: alikwenda chooni na hakuna aliyepangwa kumshikia mashine. Tahadhari moja tu. Wapo watakaoigeuza barua hiyo kuwa fomu ya kujaza kwa kila kosa, hata la kuchelewa dakika tano ambalo lilihitaji maneno mawili pembeni. Mkufunzi analisema hilo, lakini haraka haraka, mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kunusa pilau.

Mchana ni wa yule mama, na somo ni namna ya kupokea malalamiko. Sehemu hii peke yake inalipia ada. Anaanza kwa kuwataka washiriki wataje walichozoea kumwambia anayelalamika. Majibu yanafanana meza hadi meza: "vumilia tu", "ndivyo alivyo huyo", "wewe ulimkosea nini?", "nitaongea naye". Anayaandika ubaoni bila kuwacheka, kisha anawaonyesha kwamba kila moja ni njia ya kumrudisha mtu alikotoka. La hatari zaidi ni "nitaongea naye", kwa sababu linasikika kama msaada. Msimamizi anakwenda kuongea kirafiki, mtuhumiwa anajua nani amesema, na kesho yake mlalamikaji anabadilishiwa zamu.

Utaratibu anaoufundisha unafuatika hata kwenye kiwanda cha watu 20. Mpokee mahali ambapo mlalamikiwa hapiti wala haoni. Dakika kumi za mwanzo usiulize swali, sikiliza. Andika kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "alinishika kiuno", usiandike "alionyesha tabia isiyofaa". Msomee ulichoandika, arekebishe, atie sahihi. Muulize anataka nini leo, si anataka mwisho uwe nini. Usimwahidi siri kamili, kwa sababu uchunguzi hauwezekani bila kumuuliza mtu mwingine. Mwahidi kwamba watajua wanaohitajika tu, na umtajie ni akina nani. Ikibidi kuwatenganisha, ahamishwe mwenye cheo, asihamishwe aliyelalamika. Mpe tarehe ya kupata jibu, nao wanapendekeza siku 5 za kazi, na tarehe ikifika uchunguzi haujaisha, mwite umwambie haujaisha. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha ofisi nyingi. Kimya cha wiki tatu mfanyakazi anakisoma kuwa jibu.

Kwenye sheria hapa wanagusa kidogo, na kiasi hicho kinatosha: unyanyasaji unaotokana na jinsia, ujauzito, ulemavu, umri, kabila, dini au sababu nyingine zilizotajwa unahesabiwa kuwa ubaguzi, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kuzuia ubaguzi na kuleta fursa sawa. Wanautaja pia Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2019, unaosema tendo la mara moja tu linaweza kuwa unyanyasaji, na unaohesabu hata safari za kikazi na malazi anayotoa mwajiri kuwa mahali pa kazi. Kwa mashamba yenye kambi za wafanyakazi, hiyo si habari ndogo.

Kasoro ya sehemu hii ni kwamba imedhani ofisi ina watu wasiojuana. Huku kwetu anayepokea malalamiko anaweza kuwa shemeji wa mwenye kampuni, na wote wanasali kanisa moja. Swali likiulizwa wana jibu zuri: wapokeaji wawe wawili, mwanamke na mwanamume, mmoja asiwe chini ya meneja anayelalamikiwa mara kwa mara, na majina yao yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Lakini lisipoulizwa halisemwi. Kuhusu sanduku la maoni hawana huruma nalo, na tunakubaliana nao. Sanduku ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa meneja ni pambo la ukutani.

Siku ya pili ni ya maneno ya kila siku, na ndiyo inayokosekana kwenye kifurushi cha siku moja. Zoezi lake kuu ni la msimamizi wa miaka 26 anayetakiwa kumkosoa fundi wa miaka 55. Wengi wanakimbilia pande mbili za hatari: ama wanapiga ukali ili waonekane wana cheo, ama heshima inawafunga mdomo mpaka kosa linakuwa kubwa. Mama anawafundisha kuanza kama siku zote, "Shikamoo mzee", kumwita pembeni, kutaja kitu kimoja kilichoonekana kwa macho, kisha kunyamaza asikie. Kunyamaza ndiko kunakowashinda. Kundi la WhatsApp la kazini limepewa saa nzima, na limestahili. Kanuni yao ni kwamba sifa zinaweza kwenda kwenye kundi, makosa hayaendi, na picha ya mtu aliyesinzia lindo haiendi kabisa.

Wanagusa pia makato, na hapa wenye hoteli na migahawa wa Mwanjelwa wakae viti vya mbele. Sahani au bilauri ikivunjika, huwezi kukata mshahara kwa kauli ya mdomo. Mfanyakazi aelezwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kubisha, akubali kwa maandishi, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara.

Sasa mapungufu makubwa. Mifano karibu yote ni ya watu wenye meza na kompyuta. Kwenye chai ya Mufindi na Rungwe, kero ya haki haianzii kwenye kikao cha nidhamu, inaanzia kwenye mizani: mchumaji hauoni usomaji, kiroba kinakatwa uzito usiojulikana, na siku ya mvua kunaongezwa makato ya unyevu kwa jicho la karani. Mafunzo ya haki kazini yasiyofika mizanini kwa mashamba hayo yamepungukiwa sana. Agizeni somo hilo wakati wa kuweka nafasi, na mshikilie mambo matatu: mchumaji asome uzito mwenyewe, kilo ziandikwe kwenye kadi yake hapo hapo, na kiasi cha kukatwa kwa kiroba na unyevu kibandikwe ukutani kabla ya uchumaji kuanza.

Pengo la pili ni la uwakili wenyewe. Akiulizwa kuhusu mtu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, wakili anajibu kwa usahihi kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu, halafu anapita. Kisheria jibu hilo linatosha. Ila aliyekuja kujifunza ungwana kazini ameondoka na ruhusa ya kumfukuza mtu ovyo. Mama alipaswa kuachiwa swali hilo. Vivyo hivyo mkazo wa "andika, andika" wakati mwingine unawafanya wasimamizi waone kila mazungumzo ni ushahidi, na mfanyakazi anayeona daftari linatolewa kila akifungua mdomo ataacha kuufungua.

Kijitabu cha kurasa 38 kimeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na muda wa kufungua shauri CMA umewekwa sawasawa: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Lakini namba za vifungu ni za toleo la zamani, ilhali toleo la sheria lililofanyiwa urekebu (yaani kukusanywa na kupangwa upya) la 2023 lilianza kutumika Julai 2025. Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025, yaliyomwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti, nayo hayamo. Msinukuu kifungu kutoka humo kwenye barua bila kuhakiki.

Hakikisheni mkurugenzi au mwenye mali anakaa walau siku ya kwanza mchana. Bila yeye, wasimamizi wanarudi na utaratibu wa malalamiko ambao mtu mmoja tu anaweza kuuvunja, naye hakuwepo. Ziara ya marudio baada ya wiki 6 inauzwa kando kwa Sh 250,000 kwa kundi, na inafaa kuliko kuongeza washiriki, kwa kuwa wanakagua barua na mihtasari halisi iliyoandikwa tangu mafunzo. Ficheni majina kabla ya kuwakabidhi.

Ukumbi wa Mbeya ni baridi mwezi Juni na Julai, watu waje na sweta. Malipo ya awali ni nusu, wiki mbili kabla. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) wanaitoa siku ya pili mchana, hivyo ofisi inayohitaji ankara mapema iiombe siku ya kuweka nafasi.