Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe: tiketi inakununulia nini

Anayekata tiketi ya Sauti za Busara kwa ajili ya jina moja kubwa kwenye bango, akaingia Ngome Kongwe saa nne za usiku, amelipia sahani nzima na kula nusu. Utamu wa tamasha hili la muziki la Mji Mkongwe, Unguja, uko mapema, saa ua wa ngome ungali na nafasi na mtu anaweza kusogea hadi akaona vidole vya mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi.

Lilianza mwaka 2004 na hufanyika kila Februari. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na pengo lile lilihisiwa mjini hata na wasiokata tiketi. Sharti lake kubwa ni moja: kila kikundi kipige laivu. Hakuna kuimba juu ya muziki uliorekodiwa. Kwa sharti hilo peke yake tamasha linastahili bei yake, kwa sababu siku hizi ni nadra kusikia vyombo vya taarabu kama fidla, udi, nai (filimbi) na dumbaki (ngoma ndogo) vikipigwa pamoja bila kinanda cha umeme kuvifunika.

Laivu ina gharama yake, nayo ni kusubiri. Kundi la taarabu asilia linahitaji maikrofoni karibu kwa kila chombo. Ya udi ikifunguliwa sana inapiga mluzi, ikifunguliwa kidogo udi unamezwa na besi. Fundi akiharakishwa hapo, wimbo mzima wa kwanza unapotea. Kwa hiyo ratiba ikisogea nusu saa usikasirike. Tumia nafasi hiyo kwenda jukwaa la pili, lile la ngazi za kukalia ndani ya ngome hiyohiyo. Ila njia ya kupita kati ya pande mbili hujaa mara tu kundi maarufu linapotangazwa, hivyo ondoka nyimbo mbili kabla.

Pa kusimama pana maana. Ngome hii ilijengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake nene za mawe zinairudisha sauti. Ukiegemea ukuta utasikia besi mara mbili na maneno hutayapata. Kaa usawa wa meza ya mafundi sauti, katikati. Wao wanapima muziki kwa masikio yao pale walipo, basi hapo ndipo muziki unapokaa sawa.

Kidumbaki usikikose kikiwemo kwenye ratiba. Ni ndugu mdogo wa taarabu, lakini mchangamfu: fidla moja, dumbaki mbili ndogo, cherewa (kayamba), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na sanduku lenye kamba moja linalofanya kazi ya besi. Fidla inakimbia na wachezaji wanaifuata. Kwenye taarabu yenyewe, mgeni ajue kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji. Noti hushikwa mkononi, mtu akasogea mbele taratibu kwa mwendo wa wimbo, akampa mwimbaji na kurudi alikotoka. Anayefanya hivyo mara nyingi anajibu beti fulani, au anamrushia mtu ujumbe. Kukimbilia jukwaani na simu ya kurekodi wakati huo ni kukata mazungumzo ya watu.

Gwaride la ufunguzi ni bure, na kwangu mimi ndilo linaloonyesha mji ulivyo: beni, yaani bendi ya mitaani, na matarumbeta yake, kina mama wa ngoma ya mwanandege na miamvuli, wanasarakasi, ngoma za shamba (vijijini) na za mjini. Linaanzia upande wa Michenzani kuelekea Forodhani. Likamatie Michenzani, ambako wenyeji ndio wengi, kwa sababu huko Forodhani kamera huwa zimeshaziba njia.

Chakula kipo Forodhani, mbele ya lango la ngome. Anza na urojo, mchuzi mzito unaotiwa vitafunio: uliza kama embe mbichi na ndimu vimetiwa, maana urojo usio na ukali ni uji wa bizari tu. Bajia, kachori na chipsi za muhogo ziwekwe mwisho zisilowe. Pweza na samaki wa vijiti wengi huchomwa mapema wakakaa mezani, kwa hiyo omba kijiti kirudishwe motoni hadi kipate moto ndani, la sivyo chagua mishkaki inayochomwa mbele yako. Juisi ya miwa ikamuliwe pamoja na ndimu na tangawizi. Bei ulizia kabla, kijiti kwa kijiti.

Malazi ndipo wengi wanapokosea. Muziki unavuka saa sita za usiku, na saa hizo hakuna boti ya kurudi Dar es Salaam wala daladala ya kukurudisha kwenye fukwe za mbali kama Paje au Nungwi. Teksi ya shamba usiku inaweza kuzidi bei ya chumba cha kawaida mjini. Lala Shangani, Malindi au Vuga, au kwa nafuu zaidi Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, unakoweza kufika kwa miguu. Mtanzania achukue kitambulisho, maana bei yake ya tiketi ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje na getini huulizwa. Mavazi yafunike mabega na magoti. Huu ni mji wa watu wanaoishi na kuswali humo.

Lawama yangu ni hii: kijana wa Ng'ambo bado anasikiliza sehemu kubwa ya muziki kutoka nje ya ukuta. Bei ya wenyeji inasaidia, lakini jukwaa la bure la Forodhani linapowekwa ndipo unapowaona Waunguja wengi, wazee na watoto, na lingestahili vikundi vikubwa zaidi na saa nyingi zaidi.

Kabla ya kukata tiketi ya boti, tazama tarehe rasmi za mwaka huo. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka na sasa imeingia Februari. Mwezi huo ngoma Unguja hunyamaza, hivyo tamasha hulazimika kuuwahi.