Ruzuku ya TASAF au mkopo wa halmashauri?

Mama anayelea watoto wadogo hapa Ujiji ana milango miwili. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, hairudishwi, ila ina masharti: mdogo apelekwe kliniki, mkubwa asikose shule, la sivyo malipo yanakatwa. Masharti hayo nayapenda, ndiyo malezi yenyewe. Jirani yangu akipokea, kwanza madaftari na sare, kisha chupa ya mawese. Kadi ya kliniki haitoki kwenye mkoba wake.

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengewa wanawake, hauna riba, lakini lazima muwe kikundi. Na mbalamwezi ikiwaka, dagaa wa kuuza, wanaovuliwa kwa taa gizani, hakuna, rejesho liko palepale. Mwenye kichanga mgongoni aanzie TASAF, kama kaya yake imeandikishwa.