Mate ya Wete yamefika maabara: uzoefu wangu wa kupima vinasaba

Boksi la kupimia vinasaba kwa mate nililetewa na mtoto wa mjomba anayeishi Uingereza, alipokuja Wete mwisho wa Ramadhani. Kampuni inayopima haitumi mzigo huku kwetu, msihangaike kuagiza. Dola 99, kichupa kimoja na karatasi ya maelekezo: usile wala usinywe nusu saa, kisha tema mpaka ufike mstari. Nikajifanya mjanja, nikatema mchana nimefunga. Koo kavu kama dema juani! Nilikuja kumalizia usiku, baada ya futari. Mama yuko mlangoni: "Mwanangu, mate yako unampelekea nani?" Pemba hii, swali la haki kabisa. Nilimwonyesha sehemu ya kuchagua wayateketeze wakishapima, roho ikamtulia kidogo.

Majibu yalikuja kwenye simu baada ya wiki saba. Hamu yangu ilikuwa kwenye Neandathali, wale watu wa Ulaya na Asia waliotoweka kama miaka 40,000 iliyopita. Vinasaba vyao kwangu ni asilimia 0.7. Programu imeandika "kidogo kuliko wateja wengi", utadhani nimefeli mtihani, na maelezo hakuna. Nikatafuta mwenyewe.

Mwaka 2010 mtaalamu wa vinasaba Svante Pääbo na wenzake wa Leipzig, Ujerumani, walisoma vinasaba kutoka mifupa ya Neandathali, wakaona watu waliotoka Afrika walizaa nao huko walikokwenda. Ndiyo maana wasio Waafrika wanabeba kama asilimia 2. Sisi tukaambiwa hatuna kitu, mpaka utafiti wa 2020 ukakuta kama asilimia 0.3 kwa Waafrika pia, nyingi yake ikiwa imeletwa na waliorudi barani zamani sana.

Na iliyozidi kwangu? Nadhani ililetwa na majahazi kutoka Uajemi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Mtwapa na Manda za Kenya zikiwemo, ina damu ya Kiajemi, zaidi upande wa baba, na ya Kiafrika upande wa mama. Kuchanganyika kulianza kwenye mwaka 1000 hivi. Bibi alikuwa akijiita Mshirazi, yaani wa asili ya Uajemi, tukimcheka. Programu imeniandikia "Asia Magharibi", basi.

Kampuni naipa nyota tatu. Mate wameyapima vizuri, sina ugomvi. Lakini mifupa ya pango la Makangale, hapahapa Pemba, ya kama miaka 1,400, ilishasomwa vinasaba na matokeo yakatoka 2017. Kwenye ramani ya kampuni, Pemba ni bahari tupu.