Redio ya masafa mafupi: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Kabla hujatoa pesa, ingia kwenye intaneti utafute WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi. Ni kipokezi kilichofungwa pale Enschede ambacho mtu yeyote, popote alipo, anaweza kukitega atakavyo bila malipo, kutoka masafa ya chini kabisa hadi megahezi 29. Kaa nacho jioni mbili tatu. Ukianza kupiga miayo baada ya nusu saa, umeokoa pesa zako. Ukijikuta unasema "ngoja niangalie na hii moja tu" huku usiku umekwenda, tuendelee.

Nakupeleka huko kwanza kwa sababu wengi hununua redio ndipo wajiulize wataisikilizia nini. Masafa mafupi yana mambo mengi, na si kila redio inayoandikwa SW inayashika yote.

Kuna nini huko ndani

Kilicho rahisi kushika ni idhaa za kimataifa. Hizi zimejipanga katika vipande vinavyoitwa kwa mita: mita 49 karibu na kilohezi 6000, mita 31 kuanzia 9400, mita 25 kuanzia 11600, mita 19 kuanzia 15100, na kadhalika hadi mita 13 juu ya 21000. Humo utakuta China kwa lugha chungu nzima, Romania na vipindi vyake vya barua za wasikilizaji, Korea zote mbili kila moja ikieleza dunia yake, Havana wakizungumza kwenye 6000, na Redio Vatikani, iliyojengwa na Marconi mwenyewe, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, mwaka 1931. Utakuta habari, masomo ya lugha, muziki ambao hakuna programu ya simu itakayokupendekezea, na mahubiri. Mahubiri ni mengi mno, jiandae.

Pembeni yao zipo stesheni zinazosema na watu wao wenyewe, na kwangu hizo ndizo tamu zaidi kwa sababu hazijui kama unawasikiliza. Rádio Nacional da Amazônia ya Brazil hurusha kwenye 11780 kwa ajili ya watu wa mtoni na msituni. Zanzibar imekuwa ikiwindwa kwa miaka na wasikilizaji wa mbali kwenye 11735. Na mgumu kuliko wote ni LRA36, kituo kidogo cha Argentina katika kambi ya Esperanza huko Antaktika, kwenye 15476. Ukikisikia, hata kwa dakika mbili ndani ya mikwaruzo, waandikie taarifa ya usikivu uombe kadi ya QSL, yaani uthibitisho wa kituo kwamba kweli ulikisikia. Kukusanya kadi hizo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Zipo pia stesheni za saa. WWV ya Fort Collins, Colorado, hutaja saa kila dakika kwenye 2500, 5000, 10000, 15000 na 20000. Ukisikia sauti ya mwanamke ikitangulia na ya mwanamume ikifuata, umeishika Hawaii na Colorado kwa pamoja: mwanamke ni WWVH, stesheni ya Hawaii. Na kwenye 4625 kuna mlio wa Kirusi unaovuma usiku na mchana, ambao wasikilizaji wameupa jina la Buzzer na ambao wenye nao hawajawahi kuueleza.

Kisha kuna upande wa pili, na hapa ndipo redio zinapoachana: watu wa redio za ridhaa wanaoongea bara hadi bara kwa leseni zao, marubani walio juu ya bahari, meli. Hawa hutumia SSB. Mtangazaji wa kawaida hurusha wimbi la kubebea pamoja na pande mbili za sauti. Mwenye SSB hurusha upande mmoja tu, ili nguvu yote iende kwenye maneno. Redio isiyo na SSB ikimkuta, unasikia bata anayegombana na bata mwenzake. Redio yenye SSB hurudisha kile kilichokatwa na sauti ikawa ya mtu.

Ndiyo maana katika kupanga nafasi nimeitazama SSB kuliko kitu kingine chochote. Hata kama hujali marubani, itakufaa: stesheni dhaifu ya kawaida inayomezwa na jirani yake unaweza kuitega kwa SSB ukichagua upande usio na jirani, na mara nyingi maneno yanatokeza.

Nafasi ya kwanza: ndogo ya kidijitali yenye SSB

Majina mawili: Tecsun PL-330 na XHDATA D-808. Ukinunua mojawapo hutajuta, kwa hiyo usikeshe ukilinganisha.

PL-330 inaingia mfuko wa koti. Ina vitufe vya namba, kwa hiyo ukitaka 11735 unaiandika tu na inakwenda. Ina tundu la antena ya nje, na ina ETM, namna ya kuzunguka masafa yote na kuhifadhi stesheni zilizopo kwa muda huo bila kuvuruga ulizozihifadhi mwenyewe. Betri yake ni BL-5C, ileile ya simu za Nokia za vitufe, na huo ni uamuzi wa busara kuliko yote katika redio hiyo. Udhaifu wake ni spika: ndogo, na kwa muziki utataka spika za masikioni.

D-808 ni nene kidogo, ina sauti iliyojaa zaidi, ina masafa ya ndege zinazoruka karibu, na betri yake ya 18650 inadumu. Inachoudhi ni kukatakata sauti unapozungusha gurudumu taratibu kutafuta stesheni. Mtu anayeandika namba moja kwa moja hatalijali hilo. Mtu anayependa kupapasa gizani, kilohezi moja baada ya nyingine, litamkera. Msafiri namwambia PL-330. Anayekaa nyumbani, D-808.

Angalizo dogo katika matangazo ya wauzaji: herufi USB na LSB kwenye kisanduku cha SSB ni upande wa juu na upande wa chini wa sauti. Redio ikiandikwa USB peke yake, huenda wanamaanisha tundu la kuchomekea flashi tu. Tafuta herufi SSB zenyewe.

Nafasi ya pili: kubwa zaidi, nzuri zaidi, si lazima

Tecsun PL-880 ina spika ya kuridhisha na machujio mengi ya kukata stesheni jirani: kwa stesheni za kawaida unaweza kubana kutoka kilohezi 9 hadi 2.3, kwa SSB hadi 0.5. PL-680 haina machujio mengi kiasi hicho, ila ina saketi ya sinki (sync), ambayo hung'ang'ania wimbi la stesheni pale sauti inapopanda na kushuka, na inakula betri nne za kawaida za AA unazozipata popote.

Ni redio bora kuliko za nafasi ya kwanza, sikatai. Nimezishusha kwa sababu tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya stesheni utakazoongeza. Tofauti hiyo ya bei ukiiweka kwenye waya wa antena, waya utakupa zaidi. Kama unasikiliza muziki saa nyingi kwa spika, hesabu inageuka, na hapo PL-880 inapanda juu.

Nafasi ya tatu: kipokezi cha kompyuta

Ni kidubwasha cha SDR kinachochomekwa kwenye kompyuta, na programu ndiyo inayofanya kazi ya redio. RTL-SDR Blog V4 ni ya bei ndogo. Airspy HF+ Discovery ni ya mtu aliyeamua. Badala ya stesheni moja unaona kipande kizima cha masafa kikitiririka kwenye kioo, kila stesheni mstari wake. Unaweza kurekodi kipande hicho chote, ulale, na kesho yake uzunguke ndani ya usiku wa jana kana kwamba ni sasa. Mwindaji wa stesheni dhaifu aiweke hii nafasi ya kwanza.

Kwa wengine, hapana. Haina antena ya kuvuta, kompyuta yenyewe na chaja yake hutoa kelele, na mwisho wa siku umerudi palepale mbele ya kioo. Ukinunua, angalia usiuziwe nakala bandia. Za RTL-SDR ni nyingi sokoni.

Zinazofuata, kwa haraka

Nne: za kidijitali zisizo na SSB, kama Tecsun PL-310ET. Ana haki ya kuinunua mtu anayejua hakika anataka idhaa tu. Inashika vizuri, ina vitufe vya namba, na ina tundu la antena.

Tano: za mshale, kama Tecsun R-9012. Bei nafuu, betri hazimaliziki, na kuna raha yake katika kusogeza mshale bila kujua utatua wapi. Lakini hujui uko kilohezi ngapi, na stesheni yenye nguvu utaikuta mara mbili, ya pili ikiwa kilohezi 900 na kitu chini ya mahali pake halisi. Wapya huandika taarifa za usikivu kutoka kwenye kivuli hicho.

Mwisho kabisa: zile zenye tochi, king'ora, memori kadi na sola. Kama redio ya dharura ni sawa. Kwa masafa mafupi, stesheni kumi zimebanwa kwenye upana wa kucha, na maneno "bendi 12" hayana maana yoyote kama hayajaambatana na kilohezi. Soma inaanzia wapi na kuishia wapi. Usiku utahitaji masafa ya chini, mchana ya juu, kwa sababu tabaka la angani linalorudisha mawimbi duniani hubadilika na jua. Redio isiyofika chini ya 5900 wala juu ya 18000 imekunyima ncha zote mbili. Nzuri huenda mfululizo kutoka karibu 1711 hadi 29999.

Vipokezi vidogo vya Malahit na ATS-20 nimeviacha nje ya mpangilio. Ni vya mtu anayependa kuchokonoa, na Malahit nayo imejaa nakala.

Waya, na adui aliye ndani ya nyumba

Kinachoua hobi hii siku hizi ni kelele za umeme. Taa za LED, chaja za simu, televisheni, ruta: vyote hutema mikwaruzo kwenye masafa mafupi. Kwa hiyo usiihukumu redio ukiwa umeiweka juu ya meza huku imechomekwa chaja. Chomoa, tumia betri, toka nje, nenda mbali na kuta. Mara nyingi redio uliyotaka kuirudisha dukani itafufuka palepale.

Kisha waya. Mita 5 hadi 10 za waya wowote mwembamba wenye ganda, ulioning'inizwa nje mbali na nyumba, ukibanwa kwenye antena ya redio au kuchomekwa kwenye tundu lake. Usiende mita 30 ukidhani itakuwa mara tatu: redio ndogo huzidiwa, na stesheni zenye nguvu zikaanza kutokea mahali pasipo pao. Usiupitishe juu wala karibu na nyaya za umeme, na wingu la radi likijikusanya, uchomoe.

Ratiba pia ni za bure. Orodha ya EiBi huonyesha nani yuko wapi, saa ngapi, kwa lugha gani, na saa zote ni za UTC, saa ya kimataifa, kwa hiyo jifunze tofauti ya UTC na saa yako mapema. Stesheni nyingi hubadilisha masafa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ukimpoteza mtangazaji wako wiki hiyo, usiilaumu redio.

Ukinunua iliyotumika

Sony ICF-SW7600GR haitengenezwi tena, lakini ikiwa hai ina SSB na sinki na inashindana na za nafasi ya pili bila aibu. Fungua mlango wa betri kwanza. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri imeshavuja humo, shusha bei au ondoka. Vuta antena hadi mwisho na uizungushe, usikilize kama sauti inakatika. Geuza kifundo cha sauti taratibu. Washa SSB, tega WWV au stesheni yoyote yenye nguvu, uiache dakika kumi: sauti ikianza kupinda taratibu, redio inateleza kutoka kwenye masafa yake. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hayo nje ya nyumba, kwa betri, mwachie redio yake.