Siku Sita za Likizo: Uzoefu Wangu wa Kutazama «Ballada o soldate»

Ndani ya wiki mbili filamu hii imetazamwa mara tatu sebuleni kwetu, na kila mara watu waliinuka vitini wakibishana. Inaitwa «Ballada o soldate», jina ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri Utenzi wa Askari. Ilitengenezwa katika studio ya Mosfilm mwaka 1959 chini ya mwongozaji Grigori Chukhrai, haina rangi, inazungumzwa Kirusi mwanzo hadi mwisho, na haifiki hata saa moja na nusu. Nayataja haya mapema kwa ajili ya msomaji ambaye, kama mdogo wangu wa kiume, akiona picha nyeusi na nyeupe tu mkono wake huanza kuitafuta rimoti.

Mara ya kwanza niliitazama vibaya, na kosa lilikuwa la ubahili wangu. Nilinakiliwa kwenye flashi katika kibanda kimoja cha filamu kwa bei ya soda, nikafika nyumbani nikagundua kwamba maandishi ya tafsiri ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini yamechelewa sana, kiasi kwamba mtu alikuwa anaagana na mchumba wake huku yakisomeka maneno ya mlinzi wa treni aliyekwisha kuondoka. Zile mara mbili nyingine nilitumia nakala iliyowekwa na Mosfilm wenyewe katika chaneli yao ya YouTube, ambayo hulipii chochote isipokuwa bando lako. Picha ni safi, sauti imetulia, na mabehewa yanapogonga reli unayasikia vizuri. Yeyote anayetaka kuiona namshauri aanzie huko, tena aitazame kwenye televisheni, kwa kuwa sehemu kubwa ya utamu wa filamu hii imo katika nyuso zilizopigwa picha kwa karibu na katika mashamba mapana ambayo kwenye simu yanageuka kuwa kijistari.

Kisa chenyewe si kigumu kukisimulia. Ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Alyosha Skvortsov ni askari wa mawasiliano wa jeshi la Kisovieti mwenye miaka 19 ambaye, katika dakika za mwanzo, anajikuta peke yake mbele ya vifaru vya Wajerumani. Anachofanya kwanza ni kukimbia. Kifaru kinamfukuza uwandani kama mtu anayemfukuza kuku wa sikukuu, kamera inapinduka mpaka ardhi inakuwa juu na mbingu chini, na anapoishiwa pa kukimbilia ndipo anapoikuta bunduki ya kupigia vifaru akaitumia. Anavilipua viwili. Jenerali anapotaka kumpendekeza kwa nishani, kijana anamkiri kwamba aliogopa, kisha anauliza kwa haya kama badala ya nishani anaweza kwenda kumwona mama yake, maana paa la nyumba linavuja na alipochukuliwa jeshini hakupata nafasi ya kumuaga. Anapewa siku sita, zikiwamo za kwenda, za kutengeneza paa na za kurudi.

Baada ya hapo bunduki hazisikiki tena kwa muda mrefu, na hapo ndipo ubishi wa nyumbani ulipoanzia. Mdogo wangu, ambaye amelelewa na filamu za mapigano zinazosimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, aliniuliza, «Kaka, mbona vita vimeisha dakika ya kumi?» Nimekutana na watazamaji wengi wenye lalamiko hilo, na sioni kama ni la kijinga, kwa sababu mtu aliyeahidiwa filamu ya vita ana haki ya kuviulizia vita. Nilichomwomba ni kwamba aanze kuzihesabu zile siku sita. Kila anayekutana na Alyosha njiani anamega saa kadhaa. Askari asiyemjua, Pavlov, anamwomba apitie kwa mkewe ampelekee zawadi. Vasya, majeruhi aliyekatwa mguu, anahitaji mtu wa kumbebea sanduku, halafu anahitaji mtu wa kusimama naye stesheni wakati mkewe hajatokea, na Alyosha anasimama. Anashuka kuchota maji, treni inamwacha. Usiku daraja lililo mbele yao linapigwa bomu. Mtazamaji anayeihesabu likizo hiyo hana raha hata kidogo, kwa kuwa anajua mama yuko mwisho wa reli na anaona siku zinavyoyeyuka mikononi mwa mtoto asiyejua kusema hapana. Mdogo wangu alianza kuhesabu kweli, na kufikia lile daraja alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kinachoifanya filamu hii iwe ya vita kuliko nyingine nyingi zenye milipuko. Vita hapa ni kitu kinachokula muda wa watu wenye miaka 19, na hakibagui kati ya muda wa kupigana na muda wa kupanga foleni ya maji.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ile ya sabuni. Zawadi anayotaka Pavlov kumpelekea mkewe ni sabuni, nayo sabuni yenyewe ni akiba ya kikosi chao, hivyo msimamizi wao anaitoa kwa shingo upande huku wenzake wakimkazia macho, nao wakiwa wamepakaa matope kutoka kichwani hadi miguuni. Alyosha na Shura, msichana aliyekutana naye kwenye behewa, wanapofika katika jengo wanaloelekezwa, mtoto mmoja kwenye ngazi anapuliza mapovu ya sabuni. Mapovu yanashuka taratibu kati ya ngazi, yanang'aa, yanapasuka. Mtoto anachezea kitu ambacho kikosi kizima kimejinyima. Hakuna anayelisema hilo, wala muziki hauongezeki kututilia mkazo. Wanapanda juu, mke wa Pavlov anafungua mlango, na kutokana na meza ilivyoandaliwa na nguo ya kiume iliyo pale chumbani tunaelewa kabla ya Alyosha kwamba haishi peke yake. Wanamwachia sabuni, wanashuka, halafu Alyosha anapanda tena mbio kuichukua, na mwishowe anaipeleka kwa baba mgonjwa wa Pavlov, anakokaa pamoja na watu wengine waliopoteza makazi. Anamsimulia mzee yule habari nzuri za mwanawe, nyingi akiwa anazitunga palepale.

Siku tuliyoitazama kwa mara ya tatu alikuwapo jirani yetu, mzee aliyekuwa askari wakati wa vita vya Kagera na ambaye kwa kawaida hapendi kuzungumzia mambo hayo. Filamu nzima hakusema neno. Ilipofika hapo kwenye sabuni akacheka kidogo, akasema, «Wanangu, huyo aliyeandika hii alikuwa mbele.» Nilikwenda kuangalia baadaye nikakuta amepatia. Chukhrai, aliyezaliwa mwaka 1921, alipigana Vita vya Pili vya Dunia katika vikosi vya miavuli, akapita kwenye mapigano ya Stalingrad, akajeruhiwa, na kazi yake jeshini ilikuwa ya mawasiliano, kama ya Alyosha. Mswada aliuandika pamoja na Valentin Yezhov, nao uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, jambo lisilokuwa la kawaida kwa filamu ya Kisovieti katika miaka ile ya vita baridi.

Kwa wanaodhani wataketi wakilia tu, filamu inachekesha pia. Mlinzi wa treni ya mizigo, Gavrilkin, anakataa kata kata kumpakia Alyosha kwa sababu, anavyosema, luteni wake ni mnyama. Mjomba wangu, aliyesoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba mjini Moscow na ambaye Kirusi chake bado kinasimama, alitufafanulia kwamba neno lenyewe ni «zver», mnyama wa porini. Kopo moja la nyama linalainisha sheria zote. Shura naye anapodandia behewa hilohilo lenye majani makavu na kugunduliwa, Gavrilkin anataka kopo jingine. Kisha yule luteni mnyama anatokea kweli, anatazama karatasi za Alyosha, anamruhusu kuendelea na safari pamoja na msichana, na anamwamuru Gavrilkin arudishe nyama ya watu. Sebule nzima iliangua kicheko, kwa sababu yupi kati yetu hajawahi kukutana na Gavrilkin getini?

Hadithi ya Alyosha na Shura inakwenda polepole, na wapo watakaoiona ni ya polepole mno. Mwanzoni msichana anamwogopa mpaka anataka kuruka kutoka behewani. Anamwambia kwamba anakwenda kumwona mchumba wake, rubani aliyelazwa hospitalini, na tunakuja kujua baadaye sana kwamba hakuna rubani wala mchumba, alitafuta ngao ya kujikinga na mwanamume asiyemfahamu. Dada yangu alisema hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote katika filamu, na kwamba yeye mwenyewe ameshawahi kuwa na «mume» wa namna hiyo kwenye mabasi ya usiku. Waigizaji wa sehemu hizi, Vladimir Ivashov na Zhanna Prokhorenko, walikuwa wanafunzi wa uigizaji wenye umri uleule wa wahusika wao, na inaonekana: wanapokosa la kusema, wanakosa kweli.

Sasa kasoro, maana zipo. Ya kwanza ni kwamba Alyosha ni mwema kupita kiasi. Hakasiriki kwa ajili ya nafsi yake, hachoki kusaidia, na hata uongo wake ni wa kumfariji mzee mgonjwa. Mjomba anamtetea kwa kusema kwamba mtoto wa miaka 19 aliyetoka kijijini anaweza kabisa kuwa hivyo kabla dunia haijamfundisha. Mimi sikuridhika sana, nilitamani walau mara moja amkatalie mtu halafu ajutie. Ya pili, ambayo dada yangu aliishikilia kwa ukali zaidi, ni hukumu ya haraka anayopewa mke wa Pavlov. Filamu inamwonyesha dakika chache, inamnyang'anya sabuni, na kumwacha. Kwa hadithi inayompa kila mpita njia sikio la huruma, hata Gavrilkin mla rushwa, ni ajabu kwamba mwanamke huyo hapewi nafasi ya kueleza lolote la maana. Mwanamke mwingine wa askari, mke wa Vasya, yeye anafika stesheni akikimbia na kumkumbatia mumewe mwenye mguu mmoja, na tukio hilo limechezwa vizuri mno. Lakini ukiwaweka wawili hao pamoja unapata mke mwema na mke mbaya, kama katika hadithi za kufunzia watoto. Muziki nao, mahali kadhaa, unatuelekeza kulia kabla hatujawa tayari.

Wapo watazamaji wanaoipuuza filamu hii kwa kusema kwamba ni propaganda ya Kisovieti. Nilikuwa najiandaa kuliona hilo, lakini kwa dakika nyingi sikuliona. Hakuna hotuba ya chama stesheni, jeshi lina walinzi wala rushwa, nyumbani kuna wake waliochoka kungoja, na shujaa anakiri woga mbele ya jenerali. Kinachofanana na hotuba ni sauti ya msimulizi mwanzoni na mwishoni. Ile ya mwanzoni naikubali. Tunamwona mama mwenye kilemba cheusi akitembea kwenye barabara ya kijiji mpaka kijiji kinapoishia, na sauti inatuambia kwamba hamngojei mtu, kwa kuwa mwanawe hakurudi kutoka vitani, amezikwa mbali katika nchi ya watu. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza tunajua mwisho. Kuna waliolalamika kwamba mwongozaji ameuharibu utamu. Mimi naona bila hilo zile siku sita zisingekuwa na uzito, maana tunayoihesabu ni likizo ya mtu ambaye hatapata nyingine.

Alyosha anapofika hatimaye Sosnovka, kijijini kwao, amebaki na dakika tu. Mama yuko shambani, anaambiwa, anakimbia kukata katikati ya mazao marefu, nasi tunamwona akikimbia kwa muda ambao katika filamu nyingine ungekatwa. Lori linamngoja Alyosha barabarani, dereva anapiga honi. Mama na mwana wanatazamana hawajui waanzie wapi, na katika muda huo mchache mama anauliza kama siku hizi ananyoa ndevu. Ananyoa. Na sigara, anavuta? Anavuta. Mjomba, aliyekuwa akitufasiria mstari kwa mstari, aliacha kufasiri hapo na hakuna aliyemkumbusha. Paa halikuguswa. Mwana anaahidi kwamba atarudi, anapanda lori, na mama anabaki barabarani palepale tulipomwona mwanzoni.

Filamu ingeweza kuishia hapo. Badala yake msimulizi anarejea kutueleza ni mtu gani mkubwa ambaye Alyosha angeweza kuwa laiti angeishi, maneno mazuri lakini yasiyohitajika baada ya swali lile la ndevu. Siku ya tatu, barabara ilipobaki tupu, nilipunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, na yule mzee jirani akasema, «Hivyo hivyo.»